Anza na hedifoni, amplifaya ifuate: mwongozo wa stereo ya nyumbani

Wanunuzi wengi huanza kinyume. Hununua kwanza amplifaya yenye taa nyingi na namba kubwa ya wati, kisha hutafuta hedifoni kwa chenji iliyobaki. Kumbe hedifoni ndiyo inayotengeneza sehemu kubwa ya sauti utakayoisikia. Kazi ya amplifaya ni kuipa hedifoni hiyo volti na mkondo inaohitaji, bila kuongeza mvumo na bila kuharibu besi. Ikishafanya hivyo imemaliza kazi yake, na pesa ya ziada hapo hainunui mengi.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu: hedifoni, hesabu yake, amplifaya inayoitosha, halafu umeme na waya. Kama bajeti ni ndogo, kati ya kila shilingi nne, tatu ziende kwenye hedifoni.

Hatua ya 1: Amua kama unataka ya wazi au ya kufungwa

Geuza hedifoni utazame upande wa nje wa kikombe. Ukiona wavu au matundu, hiyo ni ya wazi. Sauti hutoka pande zote mbili, haibanani ndani ya kikombe, na muziki husikika kama uko mbele yako chumbani badala ya kukaa katikati ya kichwa. Hasara yake ni kwamba aliyelala kitanda cha pili atasikia kila neno, nawe utasikia kila bodaboda inayopita. Sennheiser walileta hedifoni ya wazi ya kwanza, HD 414, mwaka 1968. Katika aina hiyo leo kuna HD 600 ya kampuni hiyohiyo, AKG K702, Beyerdynamic DT 990 Pro na HiFiMan HE400se.

Ya kufungwa ina kikombe kizima kisicho na tundu la kuonekana. Inafaa nyumba ya kupanga, chumba cha pamoja, au dirisha linalotazama barabara. Sony MDR-7506, Audio-Technica ATH-M50x na Beyerdynamic DT 770 Pro ziko katika kundi hili, na zote hutumika studio kila siku.

Sauti ya ukumbini hutoka kwa spika. Hedifoni ni ya mtu anayekaa kitini usiku kusikiliza albamu nzima. Kama hilo ndilo lengo lako na kuna utulivu nyumbani, chukua ya wazi. Kama hakuna utulivu, usijidanganye: ya wazi itakulazimisha uongeze sauti kushinda kelele, na masikio yako ndiyo yatakayolipa.

Hatua ya 2: Ivae dakika ishirini kabla ya kulipa

Dakika mbili hazitoshi. Hedifoni inayobana huanza kuuma juu ya kichwa au nyuma ya taya baada ya robo saa. Uzito nao una maana: gramu 250 hadi 300 huvumilika jioni nzima, lakini gramu 400 na zaidi zinahitaji utepe wa kichwa ulio mpana na laini.

Angalia kama kikombe kinazunguka sikio lote bila kuligusa. Kwa anayevaa hijabu, kofia, miwani yenye mikono minene, au mwenye misuko mikubwa, hapa ndipo pa kuwa makini, kwa sababu besi hutegemea mto ushike vizuri pembeni mwa sikio. Kitambaa kikijikunja chini ya mto huacha upenyo mdogo, na besi hupotelea hapo. Jaribio ni rahisi: cheza wimbo wenye besi unaoujua, kisha bonyeza vikombe vyote viwili taratibu kwa viganja. Besi ikipanda ghafla, ujue hedifoni haikukaa sawa. Jaribu mito mikubwa na laini zaidi, au kitambaa chembamba kisicho na mikunjo.

Usisahau mito yenyewe. Ngozi ya plastiki haipatani na joto na unyevu wa pwani. Mombasa, Tanga au Unguja, mito ya bei nafuu huanza kumenyuka na kuacha magamba meusi shingoni mapema kuliko sehemu zenye baridi. Mito ya mahameli hudumu zaidi na haichemshi masikio, ingawa kwa hedifoni ya kufungwa hupunguza besi kidogo. Kabla ya kununua, hakikisha mambo mawili: mito ya akiba inauzwa, na waya unachomoka. Waya hukatikia karibu na pini kuliko mahali pengine popote. Kama unachomoka, unanunua waya. Kama umefungwa ndani, unatafuta fundi wa lehemu.

Hatua ya 3: Tafuta namba mbili kwenye boksi

Boksi litakuwa na namba nyingi. "Hezi 5 hadi 40,000" ipuuze, kwa sababu haisemi sauti hiyo hutoka kwa kiwango gani. Zinazokuhusu ni mbili.

Ya kwanza ni impidansi, kwa omu. Ni ukinzani wa hedifoni dhidi ya mkondo wa sauti. Omu nyingi, kama 250 au 300, maana yake hedifoni inataka volti kubwa lakini mkondo mdogo. Omu chache, kama 16 hadi 40, maana yake volti ndogo hutosha lakini mkondo lazima uwe mkubwa zaidi.

Ya pili ni unyeti, kwa desibeli, yaani sauti inayotoka kwa kipimo fulani cha umeme. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu watengenezaji hutumia vipimo viwili tofauti. Wengine hupima kwa milliwati moja, wengine kwa volti moja. Desibeli 97 kwa volti na desibeli 97 kwa milliwati si kitu kimoja. Kwa hedifoni ya omu 300, volti moja ni sawa na milliwati 3.3, kwa hiyo kipimo cha volti huonekana kikubwa kwa desibeli zipatazo 5. Kabla ya kulinganisha hedifoni mbili, hakikisha zimepimwa kwa njia moja.

Usidanganyike na wazo kwamba omu nyingi ni ubora. DT 770 Pro huuzwa kwa matoleo ya omu 32, 80 na 250, na unyeti unaotajwa kwa milliwati ni uleule, desibeli 96. Tofauti kubwa ni volti zinazohitajika. La omu 80 linatosha kwa mtu asiyetaka kununua amplifaya ya pekee.

Hatua ya 4: Piga hesabu

Weka lengo la desibeli 110. Hicho si kiwango cha kusikilizia. Ni kilele cha muda mfupi pale ngoma inapopigwa au kwaya nzima inapoingia, huku wastani wa wimbo ukibaki chini sana ya hapo. Amplifaya isipoweza kufikia kilele hicho, hukata ncha za mawimbi, na wewe husikia mkwaruzo.

Kanuni za haraka: desibeli 10 ni nguvu mara kumi, desibeli 3 ni mara mbili, desibeli 1 ni mara 1.25. Ukishapata wati, zidisha kwa omu, kisha tafuta kipeuo cha pili. Hizo ndizo volti.

Chukua DT 770 Pro ya omu 250, desibeli 96 kwa milliwati. Kutoka 96 hadi 110 ni 14, yaani 10 na 3 na 1. Milliwati 1 mara 10 mara 2 mara 1.25 ni milliwati 25, au wati 0.025. Zidisha kwa 250, unapata 6.25. Kipeuo chake cha pili ni volti 2.5. Kwa toleo la omu 80, hesabu ileile hutoa volti 1.4 tu.

Sony MDR-7506 ni omu 63 na desibeli 106. Pengo ni 4, hivyo milliwati 2.5, volti 0.4. Simu ya kawaida inaiendesha bila shida. Kuinunulia amplifaya kubwa ni kupoteza pesa.

HD 600 ni omu 300, na unyeti wake ni desibeli 97 kwa volti moja. Hapa hesabu ni ya volti moja kwa moja, na kwa volti desibeli 6 ndiyo mara mbili. Pengo la 13 ni karibu mara 4.5, kwa hiyo inataka volti 4.5. Mkondo wake ni mdogo, miliampia 15.

HE400se ni omu 25, desibeli 91. Pengo ni 19, karibu milliwati 80. Volti 1.4 zinatosha, lakini mkondo unafika miliampia 57. Ona tofauti na HD 600: ile inataka volti, hii inataka mkondo. Ndiyo maana adapta ndogo ya simu inaweza kuwa na volti za kutosha kwenye karatasi, halafu ikakosa pumzi mara besi inapoingia.

Hatua ya 5: Linganisha na kinachotoa sauti

Adapta ya USB-C ya Apple, ile ndogo nyeupe, hutoa takriban volti 1. Inayouzwa katika soko la Ulaya imewekewa kikomo cha karibu nusu volti, kwa hiyo anayeletewa na ndugu kutoka huko atashangaa mbona sauti iko chini. Kwa MDR-7506 au ATH-M50x, volti moja inatosha kabisa. Kwa HD 600 utasikia muziki, lakini rekodi za zamani zilizorekodiwa kwa sauti ya chini zitakufikisha mwisho wa volumu.

Amplifaya ya mezani ndiyo hatua inayofuata. Usisome "milliwati 1000" peke yake. Uliza ni kwa omu ngapi. Amplifaya inayotoa milliwati 1000 kwa omu 32 inaweza kutoa chini ya 150 kwa omu 300, kwa sababu volti zake zimefika mwisho. Tafuta maelezo ya angalau omu mbili, 32 na 300, kisha rudi kwenye hesabu yako. Volti 5 kwa omu 300 na miliampia 100 kwa omu 32 zinaendesha karibu hedifoni zote zinazouzwa madukani.

Namba nyingine ya kuuliza ni impidansi ya tundu la kutolea. Iwe chini ya moja ya nane ya omu za hedifoni: kwa hedifoni ya omu 32, isizidi omu 4. Sababu yake ni hii. Hedifoni yenye koili haina omu zilezile katika kila sauti. HD 600, kwa mfano, hupanda kupita omu 500 karibu na hezi 100. Tundu likiwa na omu nyingi, hugawana volti na hedifoni, na pale omu za hedifoni zinapopanda, sauti hupanda pia. Besi huvimba, huchelewa kutulia, na ngoma hupoteza mpasuko wake. Hedifoni za utando bapa kama HE400se hazibadiliki omu, kwa hiyo husalimika na tatizo hilo, ila hupoteza nguvu nyingi.

Amplifaya za valvu zisizo na transfoma ya kutolea huwa na omu nyingi kwenye tundu. Ni nzuri kwa hedifoni za omu 300. Kwa za omu 32 hazifai, hata muuzaji aseme nini.

Pini ya 4.4 mm yenye njia nne huongeza volti karibu mara mbili kwenye amplifaya nyingi. Ichukue kama unazihitaji volti hizo. Lakini shika onyo hili: usinunue adapta ya kugeuza tundu la 4.4 mm liwe la 3.5 mm la kawaida. Ndani ya adapta hiyo hasi za kushoto na kulia hugusana, na kwenye amplifaya ya njia nne hasi hizo si ardhi. Kila moja ina sauti yake. Ukiziunganisha unapiga shoti sehemu ya kutolea. Kinyume chake, adapta ya kuchomeka hedifoni ya 4.4 kwenye tundu la kawaida haina madhara.

Kama tayari una amplifaya ya spika yenye tundu la hedifoni

Majumba mengi yana risiva ya zamani (amplifaya yenye redio ndani), Pioneer, Technics, Kenwood au Sansui, yenye tundu nene la 6.35 mm mbele. Swali ni kama linafaa. Linafaa kwa hedifoni fulani na halifai kwa nyingine, na sababu inaonekana ukifungua kifuniko.

Katika risiva nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hakuna amplifaya ya hedifoni. Waya hutoka palepale spika zinapotoka, hupita kwenye rezista moja kila upande, mara nyingi ya omu 330 au 470, kisha huingia kwenye tundu. Tuseme risiva ni ya wati 50 kwa omu 8. Hiyo ni volti 20. Rezista ni 470. Ukichomeka hedifoni ya omu 300, inapata volti 20 mara 300 gawanya kwa 770, yaani volti 7.8. HD 600 ilihitaji 4.5. Kwa volti iko raha kabisa, ingawa besi itavimba kidogo. Ukichomeka HE400se ya omu 25, inapata volti 20 mara 25 gawanya kwa 495, karibu volti 1, wakati ilihitaji 1.4. Ukichomeka hedifoni ya koili ya omu 32, sauti itakuwa kubwa lakini besi italegea, kwa sababu omu 470 ni mbali mno na moja ya nane tuliyoitaja.

Kwa hiyo mwenye risiva ya zamani iliyo nzima anunue hedifoni ya omu 250 au 300, na hahitaji kununua amplifaya nyingine.

Hatua ya 6: Amplifaya ya spika, na namba za kukataa

Sabufa ya bei nafuu inaweza kuandikwa PMPO wati 8000 kwa maandishi makubwa. Namba hiyo haina kipimo chochote nyuma yake. Geuza kifaa usome kibandiko cha nyuma: kama kimeandikwa matumizi ni wati 45, basi spika zote kwa pamoja haziwezi kupata zaidi ya hizo 45. Marekani iliweka kanuni ya kutangaza wati za amplifaya mwaka 1974 kwa sababu ya tatizo hilihili. Unachotafuta ni wati za RMS, yaani zinazotolewa mfululizo, kwa omu 8, chaneli mbili zikifanya kazi pamoja, na asilimia ya mkwaruzo. Wati zilizopimwa kwa mkwaruzo wa asilimia 10 ni za kupunguza karibu robo.

Unahitaji wati ngapi? Chache kuliko unavyodhani. Spika ya desibeli 87 kwa wati 1 kwa mita 1, ukikaa mita 3 kwenye sebule ya kawaida na spika ziko mbili, utapata karibu desibeli 84 kwa wati moja. Ili ufike kilele cha desibeli 100 unahitaji wati 40 kila upande. Ukinunua spika ya desibeli 90, wati 20 zinafanya kazi ileile. Kuongeza kutoka wati 40 hadi 80 hukupa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kidogo.

Amplifaya ndogo za daraja D zinazotoka China, zenye chipu ya TPA3116 au TPA3255 ya Texas Instruments, ni nzuri kwa bei yake. Lakini nguvu yake haiandikwi kwenye boksi la amplifaya. Iko kwenye adapta ya umeme. Adapta ya volti 24 na ampia 5 ni wati 120 kwa jumla. Na kwa spika za omu 8, volti 24 haziwezi kutoa zaidi ya wati 30 hivi kwa kila upande, hata kama boksi linasema 100 na 100. Ukiwa na TPA3116, usijaribu kuiongezea volti: mwisho wake ni 26.

Onyo: hasi za spika kwenye amplifaya hizi si ardhi. Usiziunganishe pamoja, na usitengeneze tundu la hedifoni kutoka kwenye vituo vyake vya spika. Pini ya hedifoni ina hasi moja kwa pande zote mbili, na chipu inaweza kuungua.

Hatua ya 7: Kukagua mtumba

Kariakoo ya Dar es Salaam, Luthuli Avenue ya Nairobi na maduka ya mitumba kwingineko utapata amplifaya za Kijapani imara kwa bei ya sabufa mpya. Nenda na mita ya fundi, hedifoni ya bei rahisi na simu yenye muziki.

Kwanza soma volti nyuma. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani inataka volti 100, ya Marekani 120. Ukiichomeka kwenye 230 au 240 ya kwetu, transfoma au fyuzi huondoka papo hapo. Baadhi zina swichi ya kuchagua volti nyuma. Hakikisha iko mahali pake kabla ya kuchomeka. Kama haina, utahitaji transfoma ya kushusha, na hapo kuna mtego: transfoma nyingi madukani hushusha hadi 110. Kifaa cha volti 100 kikipewa 110, na umeme wa mtaani ukiwa umepanda, kinafika 115, na kinachemka kila siku mpaka kapasita zinavimba. Tafuta yenye kutoa 100 kamili. Ukubwa wake uwe mara mbili ya wati zilizoandikwa nyuma ya amplifaya.

Kisha iwashe bila kuchomeka kitu. Kwenye nyingi, sekunde 3 hadi 8 baadaye utasikia "tik" ya relei, swichi ya ulinzi iliyo ndani. Isiposikika, ulinzi umekataa, na mara nyingi transista za kutolea zimekufa.

Weka mita kwenye milivolti za DC (umeme wa upande mmoja), gusa vituo vya spika, volumu ikiwa sifuri. Chini ya 50 ni safi. Zaidi ya 100, omba punguzo au iache. Kwenye tundu la hedifoni isizidi 20. Volti hizo za DC hazisikiki, lakini husukuma koili upande mmoja na kuipasha moto.

Zungusha volumu taratibu. Mkwaruzo peke yake si ugonjwa mkubwa. Fundi husafisha kwa dawa ya kusafishia vipande vya umeme. Asitumie mafuta ya kulainisha bawaba. Upande mmoja ukikatika na kurudi unapogusa swichi, tatizo ni lilelile, vumbi. Upande mmoja ukiwa na sauti ndogo muda wote, hapo ni kazi ya kufungua.

Kwa hedifoni za mtumba au unazozitilia shaka, mita husaidia pia. Weka kwenye omu, gusa ncha ya pini na sehemu yake ya nyuma kabisa, kisha pete ya kati na sehemu hiyohiyo. Namba mbili zikaribiane, na ziwe jirani na zilizoandikwa. Hedifoni inayoitwa ya omu 250 ikikuonyesha 30, umeshika bandia au toleo jingine. Wakati mita iko, tikisa waya karibu na pini: namba zikiruka, waya umekatika ndani.

Hatua ya 8: Kuunganisha

Kutoka simu au kompyuta, pita kwenye kigeuzi cha USB, yaani DAC, kinachogeuza dijitali kuwa mawimbi ya sauti, halafu waya wa AV mwekundu na mweupe hadi nyuma ya amplifaya. Chomeka kwenye tundu la AUX, CD au TAPE. Tundu la PHONO ni la sahani za santuri tu. Ukichomeka simu hapo sauti itakuja na mkwaruzo mzito.

TV nyingi mpya hazina tundu la hedifoni, ila zina tundu la mwanga (OPTICAL) nyuma. Nunua kigeuzi chenye tundu hilo. Ukiunganisha na kukuta kimya, usirudishe dukani. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV, badilisha sauti ya dijitali iwe PCM. TV nyingi hutoka kiwandani zikituma Dolby, na vigeuzi vya bei ya kawaida haviisomi.

Bluetooth inafaa kwa kazi za ndani ya nyumba. Kwa filamu huchelewesha sauti nyuma ya midomo, na hedifoni ya Bluetooth ina amplifaya yake ndani, kwa hiyo yote tuliyohesabu hapo juu hayaihusu.

Ukisikia mvumo mzito, ng'oa chaja ya kompyuta. Mvumo ukinyamaza, tatizo ni ardhi mbili zinazokutana. Chomeka vifaa vyote kwenye eksitensheni moja, au tumia waya wa mwanga. Kamwe usikate wala kuziba pini ya ardhi kwenye plagi: siku hitilafu ikitokea ndani, kifuniko cha chuma cha amplifaya ndicho kitakachobeba umeme, nawe una waya kichwani.

Umeme ukikatika, zima swichi ya amplifaya hapohapo. Unaporudi huja na mruko, na amplifaya isiyo na relei hupiga kishindo kinachoweza kukunja koili ya hedifoni. Gadi ya TV inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme inafaa sana hapa.

Mara ya kwanza kuwasha

Volumu sifuri. Washa, subiri relei, chomeka pini, kisha vaa. Kama amplifaya ina swichi ya kuchagua kiwango cha ukuzaji sauti (GAIN), anza kwenye ya chini. Ukiwa kwenye ya juu na kitufe cha volumu kinafika sauti ya kutosha mwanzoni kabisa mwa mzunguko, rudi ya chini, kwa sababu pale mwanzoni upande wa kushoto na wa kulia hazilingani na uimbaji huvutwa upande mmoja.

Ukipata kiwango kinachokutosha, mwombe mtu aliye hatua moja pembeni akuite kwa sauti ya kawaida, hedifoni ikiwa ya wazi. Usipomsikia, teremsha. Kwa kipimo kinachotumika kazini, desibeli 85 ni salama kwa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka muda hukatwa nusu, hadi desibeli 100 ambapo zinabaki dakika 15. Weka alama ya kalamu kwenye uso wa amplifaya, pale kitufe cha volumu kilipoishia.